Ng'ombe wa Ng'ambo ya Mto

Ijumaa, 4 Juni 1965

Tangazo limebandikwa kwenye mlango wa ofisi ya gombolola hapa Kwapa, upande wetu wa Uganda. Loy, mwalimu mwenzangu, ndiye aliyenipeleka kulisoma. Shule ilipofungwa tu alinivuta mkono kama mtoto wa darasa la kwanza. Natamani asingenivuta.

Bodi ya Njia za Mifugo inakusudia kutunga kanuni mpya. Ng'ombe asivuke mto Malaba, kuja wala kwenda, ila kwa lori, kwa kibali, moja kwa moja hadi machinjoni. Kuanzia Agosti na kuendelea. Kuendelea mpaka lini? Haikuandikwa. Maana yake milele!

Karantini ya sasa tuliambiwa ni ya muda tu, mpaka ugonjwa wa midomo na kwato uishe. Karantini hiyo ndiyo iliyokula Pasaka yangu. Arusi ilikuwa iwe Jumatatu ya Pasaka. Ng'ombe wa mahari wako kwa kina Ikwap, mchumba wangu, Amukura, upande wa Kenya, wanacheua tu. Na Ikwap yuko huko huko. Mimi niko huku. Nikavumilia, nikidhani nangoja ng'ombe wapone. Kumbe walishapona, na sasa nangoja wakubwa!

Naandika Kiswahili kwa sababu Mama anasoma Ateso na Loy anasoma Kiingereza. Kiswahili Loy anakijua pia, lakini kwake ni lugha ya kupatania bei ya samaki. Hawezi kudhani kuna mtu anayeweza kulia kwa Kiswahili.

Jumapili, 6 Juni

Pentekoste. Kanisani nimeimba kwa sauti kubwa ili nisifikiri. Haikusaidia. Ikwap huimba sauti ya chini, na kila wimbo ukifika pale pake nasikia pengo.

Baada ya chakula nikamwuliza Baba: je, wakikataza kabisa? Hakuinua macho. Akasema sheria za serikali huja na kupita kama mvua ya mawe. Nikasema baba yake Ikwap yuko tayari kutoa pesa badala ya ng'ombe. Hapo akainua macho. Pesa inazaa ndama? Pesa inaingia kwa lango ikitembea, wanawake wapige vigelegele? Arusi bila ng'ombe, kasema, ni kutoroshana tu, na mimi sikusomesha binti atoroshwe.

Mama akanikanyaga mguu chini ya meza. Nikaanza kukusanya vyombo.

Jambo lisilosemwa nyumbani kwetu: Baba mwenyewe ana ng'ombe kule ng'ambo, kwa rafiki yake. Si yeye peke yake. Nusu ya wazee wa hapa wamefanya hivyo. Chifu akija kukadiria kodi anaangalia zizi, na zizi likiwa jembamba kodi nayo inakonda. Kila mtu anajua. Hakuna anayejua.

Idadi siiandiki, hata hapa. Ng'ombe wa mtu hawahesabiwi kwa mdomo, sembuse kwa kalamu. Walipokuja kuposa, watu wa Ikwap walipanga vijiti chini, kila kimoja ng'ombe, Baba akaongeza, wao wakapunguza, na hakuna aliyetamka namba. Vijiti vyetu Mama amevifunga kwa kamba na kuvichomeka kwenye dari ya jiko. Nikipika naviona. Vimeshaanza kuwa vyeusi kwa moshi.

Jumatano, 9 Juni

Mzee Odoi amekuja kutoka Petta kwa baiskeli, jasho mpaka viatuni. Zamani alikuwa msimamizi kwenye kinu cha pamba. Ni Mjopadhola, si Mteso kama sisi, na binti yake ameolewa ng'ambo, kwa hiyo na yeye anangoja ng'ombe. Alituita tuliokuwa pale gombolola, akaweka kidole kwenye mstari wa mwisho wa tangazo. Ule ambao sisi wote hatukuusoma! Unasema yeyote ambaye kanuni itamgusa anaweza kusikilizwa kabla haijatiwa sahihi.

"Munaona?" akasema. "Hii Bodi hapana Mungu. Yeye naandika, lakini lazima nasikia watu kwanza. Hiyo ni sheria yao wenyewe. Sasa kama sisi nakaa nyumbani? Asiyekuwepo na lake halipo!"

Ikaundwa kamati. Wakataka mwandishi. Nikasema mimi, kabla hawajamaliza kuuliza. Loy alicheka njia nzima. Eti kamati ya ng'ombe imepata ndama wake.

Acheke. Leo kwa mara ya kwanza tangu Pasaka nimekula nikashiba.

Jumamosi, 19 Juni

Nimemwona!

Soko la Malaba, karibu na reli. Hatukupanga. Au labda kila Jumamosi tunapanga bila kuambiana. Baba amekataza Ikwap asikanyage kwetu mpaka ng'ombe watangulie, lakini soko si kwetu.

Amekonda. Ana vumbi la mbao kwenye nyusi, nikataka kulipangusa, nikashika kikapu kwa mikono yote miwili. Kitanda amekimaliza, amesema. Mvule mtupu. Kimesimama kwenye karakana yake, na wateja wanataka kukinunua.

"Nawaambia hicho kina mwenyewe," akasema. "Wananiuliza, mwenyewe mbona haji kukichukua? Nasema, anasubiri barua ya serikali." Akacheka. Kisha akaacha kucheka. "Ariokot, nimechoka kulala chini nikikiangalia."

Anajilaza mkekani, kitanda kiko pale! Hataki kukilalia peke yake. Mpumbavu wangu. Nampenda!

Nikamwambia habari za kamati. Akauliza, serikali ilishawahi kumsikiliza nani? Nikasema sijui, lakini ni lazima wasikie, imeandikwa. Akaniangalia kama mtu anayetaka kuamini. Halafu mjomba wake akamwita, nami nikabaki na vitunguu ambavyo sikuja kununua.

Alhamisi, 24 Juni

Aibu. Aibu tupu.

Baraza la kusikilizwa lilianza vizuri. Afisa wa Bodi, Bwana Ogwang, si mtu mbaya. Kijana, mpole, amevaa tai kwenye jua lote lile. Watu walijaa mpaka madirishani. Kamati tuliketi mbele, Mzee Odoi na koti lake la kanisani. Tatizo ni kwamba chifu naye aliketi mbele, kando ya afisa, na karani wake wa kodi nyuma yake. Nani aliwaalika? Nadhani wamezoea kukaa mbele tu.

Bwana Ogwang akasoma kanuni. Akaeleza. Kisha akauliza swali moja, la haki kabisa: nani hapa ana ng'ombe wanaohitaji kuvuka?

Kimya.

Akauliza tena. Watu wakamtazama karani wa kodi. Karani akatazama kalamu yake. Afisa akamgeukia Baba kwa sababu alikuwa karibu. Mzee, wewe je?

"Mimi?" Baba akasema. "Mimi ni maskini, bwana. Sina hata mkia."

Watu wakacheka. Mlango ukawa umefunguka. Yule akasema yeye ana kuku tu. Huyu akasema mbuzi mmoja, tena mgonjwa. Wote waliokuja kupigania ng'ombe wao, mmoja baada ya mwingine, wakawakana. Hata Mzee Odoi! Alipoulizwa aliangalia viatu vyake, akasema yeye amekuja kama mwananchi tu.

"Basi," akasema Bwana Ogwang, "kanuni hii haimgusi mtu yeyote." Akaandika. Nami, mwandishi wa kamati, nikaandika vile vile, kwa mkono wangu. Kwa nini sikusimama? Kwa sababu Baba alikuwa ameshasema hana, na mimi ni binti yake.

Nyumbani Baba amekula vizuri. Anaona ameshinda.

Ijumaa, 25 Juni

Sina la kuandika. Nimewachapa watoto wawili bila sababu, nikawaomba radhi mbele ya darasa. Loy amenisahihishia madaftari.

Nikifumba macho naona kile kitanda.

Ijumaa, 2 Julai

Jana Mzee Odoi na mimi tulikwenda Tororo, ofisini kwa Bwana Ogwang. Mzee hakuzunguka. "Bwana, sisi nilidanganya," akasema. "Wote. Ng'ombe iko mingi. Lakini wewe nauliza watu mali yao mbele ya kodi, tena nauliza ngapi! Mtu wa kwetu nakujibu namna gani?"

Nilidhani atatufukuza. Akavua tai, akaiweka mfukoni. Akasema hata kwao hawahesabu, mama yake angempiga. Lakini Bodi haikai kwa mama yake. Akafikiri. Akasema anaweza kuitisha siku moja zaidi kabla ya kupeleka faili kwa wakubwa Entebbe. Jumanne. Zaidi ya hapo hana uwezo.

Njiani kurudi, wazo likanijia pale pale kwenye vumbi. Vijiti! Si tunapatana mahari kwa vijiti? Kila mtu alete vyake, aviweke mezani, afunge mdomo. Afisa aone wingi kwa macho yake. Mzee Odoi alisimamisha baiskeli akanipa mkono kama mwanamume.

Leo nimemwomba Mama vile vya dari. Ameviteremsha mwenyewe, akavipangusa masizi kwa kanga. Hakuuliza ni vya nini. Akasema tu, usimwambie baba yako kwamba ni mimi.

Nimetuma salamu ng'ambo kwa Ikwap, kupitia dereva wa lori: Jumanne aniombee. Hapana, nilitaka kusema nimemkumbuka. Nikaona aibu mbele ya dereva.

Jumanne, 6 Julai

Nipo kwenye ngazi za ghala la gombolola. Mapumziko ya mchana. Naandikia magotini, mwandiko huu ni wa nani?

Asubuhi walikuja. Sikuamini. Wengine walikuja na mafungu kwapani kama kuni za kuuza. Walipita mbele, wakaweka, wakarudi kukaa, hakuna aliyefungua mdomo. Meza ikajaa, vikaanza kuanguka, afisa akawa anaokota. Karani wa kodi alikodoa macho asijue amwandike nani. Mzee Odoi aliweka vyake, akavipapasa mara moja kabla ya kuviacha. Nami nikaweka vyangu, vyeusi kuliko vyote.

Baba alikuwa nyuma kabisa, karibu na mlango. Mikono mitupu. Aliviona vyangu, akavitambua. Nilimwona akivitambua.

Bwana Ogwang aliweka mezani cha mwisho alichookota. Kisha akasema, "Nimeona. Mimi nimeelewa. Lakini faili haipokei kijiti. Entebbe wataniuliza ni nani kaguswa. Nahitaji mtu asimame aseme, hawa ni wangu, na jina lake. Mmoja tu atanitosha kuanza. Bila hivyo naandika kama juzi."

Kimya kile kile. Kile kile! Nikasikia mpaka kuku nje.

Nikasimama.

Nikasema jina langu. Nikasema vile vijiti vyeusi ni vyangu, ng'ombe wenyewe wako Amukura, ni wa mahari yangu, na kwamba kila siku wanayokaa kule mimi nazeeka huku. Sikukusudia kusema hilo la mwisho. Kina mama wakapiga vigelegele. Afisa akauliza ni wangapi. Nikamwambia! Nimetamka namba, mbele ya watu wote, kwa mdomo wangu, na dunia haikupasuka.

Ndipo mtu mmoja wa Kwapa akasema, si kwa ubaya: tangu lini mahari ni ya bibi arusi? Ng'ombe hao ni wa baba yake. Wakaguna kukubali. Bwana Ogwang akanitazama kwa huruma. Akasema ni kweli, mwalimu, kwa mila yenu wewe si mwenye mali. Mwenyewe yuko hapa?

Vichwa vyote vikageuka mlangoni.

Chifu akasogeza kiti mbele, akasema kama ni Egau, yaani Baba, basi yeye pia ana swali dogo la kumwuliza, maana juzi mzee huyu hakuwa na hata mkia. Watu hawakucheka safari hii. Afisa akamkatiza, akasema leo maswali ni ya Bodi tu, tule kwanza, na baada ya chakula atamwuliza mzee mwenyewe. Baba akisema ndiyo, kina Odoi nao watasimama, wameniambia. Akisema hapana, au akiondoka, faili inafungwa.

Kwa hiyo ni Baba. Akisema ndiyo, kesho chifu atauliza na wale wengine wa kwa rafiki yake, kodi ya miaka yote. Namjua. Anawapenda wale ng'ombe, anawajua kwa majina, usiku huwaita kwa majina usingizini. Na mimi pia alinipa jina mwenyewe.

Loy ameniletea mihogo. Sijaigusa. Amekaa kando yangu, kwa mara ya kwanza hana utani.

Namwona Baba pale kibarazani. Mama amemfuata, wanasemezana, Mama ananyoosha kidole kuelekea mtoni. Sasa Mama ameondoka. Yuko peke yake.

Kengele. Watu wanaingia. Mzee Odoi ananipungia mkono nije.

Baba ameshika baiskeli yake. Ameigeuza kuelekea barabarani. Hajapanda. Anaangalia mlango wa gombolola, anaangalia huku nilipo, na hajapanda.