Mgongo wa Nekesa Ulikuwa Mzima

Mpendwa Mama Nekesa,

Nakuandikia nikiwa nimetulia, jambo ambalo lingekushangaza. Binti yetu ameaminiwa.

Ulifariki kabla hajapata kazi ya mjengo kule Loresho, ya kumwelekeza dereva wa kreni kwa ishara za mikono. Miezi mitano iliyopita waya ulikatika, mzigo wa vyuma ukamuua mwenzake hatua tatu kutoka aliposimama. Yeye hakupata hata mkwaruzo. Lakini tangu siku hiyo chakula kilimshinda, na hakuweza tena kutoka nyumbani peke yake. Kampuni ikasema hakuumia, kwa hiyo hana fidia wala matibabu.

Tulipokuwa tukijaza fomu ya madai nilimwambia, "Andika umeumia mgongo. Nani atalipia woga?"

Akanitazama kama wewe. "Kwani ni mgongo ndio ulioona mtu akifa, Baba?"

Unajua nilikoutoa ushauri ule. Tulipofukuzwa shambani, karani wa misaada alituuliza tumepoteza nini. Nikataja mabati, ng'ombe wawili, cherehani yako. Wewe ukasema, "Andika na usingizi." Karani akacheka, nami nikakukanyaga mguu chini ya meza ili unyamaze. Miaka yote iliyofuata ulikuwa ukishtuka kando yangu, na sikuwahi kukuuliza uliota nini. Nisamehe.

Nekesa aliandika ukweli. Daktari wa akili naye akaandika wake. Jana tukaitwa mjini, ofisi ya serikali ya mambo ya kazi. Jina lake lilipoitwa nikasimama mimi, karani wa huko akanitania, "Mzee, kesi ni yako ama yake?" Kisha akamgeukia: "Dada, madai yako yamekubaliwa. Hili ni jeraha la kazini, sawa na mfupa uliovunjika. Bima ya kampuni italipia matibabu na siku ulizokosa kazi."

Nekesa akamwomba arudie. Akarudia polepole, bila kucheka. Tulipotoka tukaingia hoteli ya karibu. Alimaliza sahani yake ya githeri, akahamia yangu.

Leo asubuhi alikuwa na miadi ya kwanza na mshauri nasaha, Westlands. Mimi nilikuwa nimeshavaa koti.

"Livue, Baba," akasema. "Keti. Na usinipigie simu kila dakika."

Sikuketi. Nilisimama dirishani nikamtazama hadi kona ya barabara. Lori la mchanga likapita kwa kishindo. Akashika ukuta, akainamisha kichwa. Nikashika kitasa cha mlango ulio kando ya dirisha.

Kisha akanyoosha mgongo, akavuka.

Kwaheri kwa leo.

Mumeo,
Baba Nekesa