Vioo vya Gari la Mama Chilufya

Tunduma, Jumapili

Mama Asha, mke wangu mpenzi,

Nakusalimu kutoka huku kwenye baridi na vumbi. Hujambo? Asha ile homa imemwacha? Na kikohozi cha mama je, kimepoa? Mimi mzima, ila midomo imepasuka kama ya mchunga mbuzi. Nimeamua kuandika kwa sababu simu ya shemeji naijua: haya siwezi kuyasema huku yeye ametega sikio.

Unakumbuka nilikwambia hamtakuja mpaka nipate kazi ya kudumu gerejini. Umenivumilia wee, na mimi huku naziba pancha tu. Basi wiki hii fundi wetu wa umeme ameacha kazi, kaacha na gari la Mama Chilufya limemshinda. Mzee Simbeye, mwenye gereji, akaniita. "Wewe si unajidai unajua umeme? Litengeneze. Likipona, nafasi ni yako. Likikushinda, usinisumbue tena."

Huyu mama ni mfanyabiashara wa Nakonde, ng'ambo ya mpaka. Gari lake la zamani hulijaza marobota ya vitenge mpaka juu, nyuma haoni kitu, anategemea vioo vya pembeni tu. Tena wanaendesha kwa zamu na kaka yake, jitu refu, na yeye ni mfupi. Vioo visipogeuka kwa swichi, kila mmoja anamharibia mwenzake. Fundi aliyeondoka alishamwambia mota zote mbili za kugeuzia vioo zimekufa, aagize vioo vipya Dar.

Nikajiuliza, mota mbili zife siku moja, zimeambukizana? Nikaangalia fyuzi. Imeungua. Nikaweka nyingine, kioo cha kulia kikageuka! Nikapiga mluzi kabisa. Mama Chilufya naye kwa furaha akaingia, akachomeka chaja ya simu zake mbili kwenye lile tundu la kuwashia sigara, maana hapa mpakani kila mtu ana simu ya Tanzania na ya Zambia. Kioo kikafa palepale, fyuzi imeungua tena. Mzee Simbeye akaguna, "Rudi kwenye pancha zako." Nilitamani kulia, nakwambia kweli.

Lakini sikuondoka. Niliwawaza ninyi, nikapata ukaidi. Nikaichukua ile chaja nikaigeuzageuza: plastiki imepasuka, chuma kinagusa chuma, na tundu lile linatumia fyuzi moja na vioo. "Mama, mchawi wako huyu hapa."

"Awe!" akabisha kwa lugha ya kwao. "Nimeinunua juzi tu!"

"Basi umemnunua mwenyewe."

Hata Mzee Simbeye akacheka. Nikabadilisha fyuzi, kulia kukapona. Kushoto kimya. Mota yake nikaipa umeme moja kwa moja, ikazunguka. Kumbe waya ulikatika ndani ya ule mpira unaotoka kwenye bodi kuingia mlangoni, kwa kufungua na kufunga kila siku wakipakia marobota. Nikauunganisha, nikauchomelea kwa risasi ya kuyeyusha, nikafunga tepu. Akabonyeza swichi, kioo kikapanda, kikashuka. Halafu akarudi kinyumenyume na mzigo wake katikati ya foleni ya malori, asiguse hata moja.

Mzee Simbeye hajui kusifu. Alinipa ufunguo wa kabati la vifaa vya umeme, akasema, "Kesho kutwa uwahi." Nikaenda nyuma ya gari bovu nikajifuta macho na tambara la grisi, nikatoka na uso mweusi.

Chumba nimeshapata, kina dirisha kubwa, na majirani ni watu wa Mbozi wanaopenda watoto. Fungasha nguo nzito, usidanganywe na joto la huko.

Nisalimie mama, mwambie dada yangu atahamia kwake kumtunza kama tulivyopanga. Msalimie mjomba wangu seremala na yule bibi mkunga aliyempokea Asha. Na shemeji mwenye simu, asinune.

Barua hii usinijibu. Njooni.

Mumeo,
Baba Asha