Subana ya Babu

4 Februari

Mjukuu wangu, mume mwenzangu,

Hujambo? Mkeo, yaani mke wangu, hajambo? Mimi chuma. Jana nimetunga uzi kwenye sindano bila miwani. Haya, uongo: katunga fundi wa meza ya pili, mimi nilikuwa nakohoa tu.

Umeandika, "Siku hizi niko kwenye sindano." Kumbe damu haipotei! Nimewaringia mafundi wote hapa: mjukuu kafuata cherehani. Pakiti ya sindano hiyo, pokea. Usimwazime mtu, sindano ya kuazimwa hurudi imepinda.

Babu yako

20 Februari

Babu, shikamoo.

Sindano zimefika. Nilicheka mpaka nikalia. Babu, mimi sishoni. Najidunga unga. Niliandika vile nikidhani utaelewa, nisiseme zaidi.

Tumeazimana sana, sindano moja watu watatu. Kwenye kituo cha afya wamenipima: nina virusi vya Ukimwi. Wamenipa sindano mpya na kondomu. Kondomu nimezificha juu ya kabati. Nikivaa leo, mke ataniuliza kulikoni. Ana mimba. Sijamwambia.

Mjukuu wako

27 Februari

Mjukuu wangu,

Marahaba. Nimesoma tena na miwani, labda maneno yatabadilika.

Mafundi wanauliza habari zako. Nasema kazi zimekuelemea. Si uongo.

Sikiliza, bwege wangu. Kidole changu hiki kikavu hakigusi kitambaa bila subana, kofia yake ya chuma. Chako wewe kinakwenda kazini kichwa wazi? Usinune, babu yako hana adabu tangu zamani.

Mwambie leo. Nimemuuliza nesi: mama akianza dawa mapema, mtoto huweza kuzaliwa salama. Nawe dawa zako meza. Watu wanazimeza mpaka wanazeeka, wanakuwa na sura mbaya kama mimi. Akikupiga, pokea. Akikufukuza, njoo, meza yangu ina pande mbili.

Babu yako

9 Novemba

Mjukuu wangu,

U hali gani? Barua zangu hujazijibu. Mkeo yuko kwangu. Alikuja na tumbo lake na ile pakiti yangu ya sindano, haijafunguliwa. Anasema ulimwambia umepiga magoti, ukampeleka kituoni mwenyewe, mkapewa dawa wote. Kesho yake ukatoka kununua mkate, mpaka leo.

Mtoto wa kike. Kapimwa, hana virusi. Ana masikio yako, maskini. Mama yake anashona vifungo kunishinda. Simwambii, asije akaringa.

Hatutakuuliza ulikokuwa.

Ila ulipokuwa mdogo ulikimbia na subana yangu ya zamani, na hii ya sasa imetoboka. Kidole kinachomwa. Niletee. Usitume mtu.

Babu yako