Ukurasa wa Sitini na Moja

9 Machi 2016

Bibi yangu, mke mwenzangu,

Shikamoo. Magoti yanasemaje? Na mume wetu, bado anakunywa chai kwa kishindo? Mimi mzima, ila kidole gumba kimechoka kwa kubonyeza mrija wa maabara kutwa nzima.

Sasa kaa vizuri. Nimehamishiwa chumba kinachotengeneza chanjo mpya ya kifaduro. Ile uliyowachoma watoto miaka thelathini ni kidudu kizima kilichouawa. Kinga inatoa kweli, lakini ganda la kidudu ndilo linaloamsha homa na kuvimbisha paja. Sisi tunalipunguza makali ganda hilo, huku tukibakiza sura ya kidudu ili mwili wa mtoto umjue adui wake.

Wakubwa zangu wana hesabu za homa. Za vilio hawana. Nikajigamba kwamba bibi yangu anazo. Tafadhali niazime yale madaftari, usiniaibishe.

Mke mwenzio


2 Aprili 2016

Mke mwenzangu mdogo,

Marahaba, wala usijifanye una adabu, nakujua. Sijambo. Magoti yanalalamika kama kawaida yao. Mume wetu anakusalimu. Anasema mwenye wake wawili hakosi chai, na leo kaikosa.

Madaftari saba hayo, nimeyafunga kwa kitambaa. Safu ya kwanza ni kilio: nikishatoa sindano, mimi na mama tulihesabu kwa sauti mpaka mtoto anyamaze. Ya pili homa, ya tatu paja. Ya nne ndiyo kazi hasa: amelalaje? Kesho yake nilipita nyumba kwa nyumba kuuliza. Wenzangu wa zahanati walinicheka, wakaniita Bi Amelalaje. Lakini mama anayeulizwa hurudi kwa sindano ya pili, na asiyeulizwa hukaa nyumbani na woga wake.

Tena mimi nimemwona mtoto wa kifaduro akikohoa mpaka midomo inageuka rangi. Sindano ya zamani usiitukane mbele yangu. Tengenezeni nyingine iliyo pole, sawa, lakini kwa heshima.

Bibi yako, mke mkubwa


21 Aprili 2016

Bibi,

Shikamoo. Natumaini barua hii inawakuta wazima, na chai ipo.

Madaftari yako yametamba hapa! Mkuu wa maabara, mtu asiyecheka hata ukimtekenya, alisoma pale ulipoandika "mtoto kalia hesabu mia mbili, mama naye kalia, mimi nikakaza roho," akacheka mpaka akavua miwani.

Jambo moja tu. Daftari la nne linatoka ukurasa wa sitini linarukia sitini na mbili. Kati umechanwa. Ni panya?

Mjukuu wako


30 Novemba 2016

Mjukuu wangu,

U hali gani? Sisi wazima. Najua nimekaa kimya miezi saba, na barua zako tatu ninazo hapa mezani. Si panya. Ni mimi.

Unamjua mshonaji wa ng'ambo ya barabara. Zamani yeye na mimi tulikuwa chanda na pete. Sare zangu zote za kazi alizishona yeye. Binti yake nilimchoma mimi mwenyewe. Jioni homa ikapanda, mtoto akashikwa na degedege, wakakimbia naye hospitali. Alipona, akakua, akaruka kamba mbele ya dirisha langu. Lakini ule ukurasa niliuchana mkaguzi asije akauona, na tangu hapo, miaka ishirini na sita, mimi na mama yake hatusemezani. Ananichukia, na ana haki.

Nimeuficha muda wote huo ndani ya kopo la vifungo alivyonipa yeye. Naona haya, mjukuu wangu. Utazame humo ndani ya bahasha.

Bibi yako


14 Desemba 2016

Bibi yangu mpenzi,

Shikamoo. Nimelia, kisha nikausoma tena. Degedege la homa hutisha kuliko linavyodhuru. Wewe ndiye uliyenifundisha hivyo.

Nimeubandika ukutani juu ya meza yangu, nikichoka nautazama. Ila safu ya nne ni tupu. Kesho yake, Bibi, hukwenda kuuliza amelalaje?

Mjukuu wako


3 Februari 2023

Bibi,

Shikamoo, na mpe mume wetu salamu zake. Miaka sita unanijibu kila kitu isipokuwa swali moja. Leo siulizi, leo napiga vigelegele! Chanjo yetu tumeijaribu: sungura wamepita salama, watu wazima wamepita salama. Sasa ni zamu ya watoto wachanga, na zahanati yako ya zamani imo kwenye majaribio.

Tatizo, daktari wa huko anasema wazazi hawaitiki. Bado wanamkumbuka mtoto wa mshonaji. Wasipojitokeza kufikia mwisho wa Machi, zahanati itaondolewa.

Fomu ya majaribio ina safu nne, Bibi. Ya nne ni yako.

Mke mwenzio


19 Machi 2023

Mke mwenzangu,

Marahaba mara kumi! Hujambo? Mimi leo hata magoti siyasikii.

Barua yako niliisoma, nikaikunja, nikavaa viatu vya kutokea. Barabara yenyewe ni hatua kumi na tisa. Mshonaji alikuwa anampima mtu suruali. Bila hata salamu nikasema, "Alilalaje?"

"Nani?"

"Binti yako. Siku ile."

Akaweka chini futi yake. "Alilala kifuani kwangu mpaka saa tatu asubuhi. Mtaa mzima uliwauliza, mimi ukaniruka! Wewe unadhani nina ugomvi na sindano? Mimi nilikuwa nakungoja uje uniulize."

Tukashikana, tukalia kama watoto wa safu ya kwanza. Mwenye suruali akaomba achomolewe pini kwanza.

Sasa sikia. Yule yule binti ana mtoto wa kike wa miezi miwili. Alizisoma karatasi zote, akamuuliza daktari maswali mpaka daktari akaomba maji. Kisha jana akaingia zahanati mbele ya watu wote, mama yake nyuma, mimi nyuma ya mama yake. Muuguzi akachoma, sisi vikongwe wawili tukahesabu kwa sauti. Leo foleni imefika getini.

Chukua kalamu. Kwenye ule ukurasa wa ukutani, safu ya nne, andika alivyosema mama yake. Halafu fungua ukurasa mpya. Kilio: hesabu ya kumi na nne. Homa: hakuna. Paja: laini. Asubuhi nimevuka tena barabara kuuliza ya nne. Mlango ulikuwa wazi, kiti changu kimeshawekwa, na mtoto bado amelala.

Bi Amelalaje