Mshenga wa Kazi

Maguu, 14 Mei 1995

Mwanangu Avelina,

Tumsifu Yesu Kristu. Huku sote wazima, baridi tu ndiyo inatukaba. Mguu wa baba yako umepona, sasa anautumia kunikimbia nikimwambia akapalilie. Wewe hujambo? Na shangazi Ottilia?

Habari kwamba ile kampuni mpya ya kahawa imekuita kwenye usaili wa ukarani nimeipata. Na Maguu nzima imeipata, maana nilianza na jirani yetu Luisa. Nimewaambia kazi umeshapata, kwa hiyo usiniangushe.

Ila unasema watakutaka utaje uzuri wako kwa mdomo wako. Tangu lini mtoto aliyelelewa akajisifu? Hata baba yako hakuja kwetu mwenyewe kusema yeye ni mchapakazi, alituma mshenga. (Na mshenga alidanganya.) Basi nimekutafutia msemaji. Mjomba Wendelin atakuja siku hiyo na koti lake la harusi na jogoo. Wewe inamisha macho, utulie. Ataongea yeye.

Mama yako anayejivuna,
Marselina

Mbinga mjini, 23 Mei 1995

Mama mpenzi,

Shikamoo. Baba naye shikamoo yake. Mimi na shangazi tu wazima, ila aibu bado haijanitoka.

Nilikuta mabwana wawili na mama mmoja mezani. Sijakaa, mjomba huyo nyuma yangu. "Hodi! Nimekuja kumsemea binti yetu." Akaanza: uvivu haujui, hesabu anapiga bila vidole, ukoo wake hauna mwizi. Jogoo akawika. Yule mama akamwomba kwa heshima asubiri nje. Mjomba akajibu, "Sawa, lakini msimuulize sana, ana haya."

Walicheka, mama. Nikajua kazi imeniponyoka. Ndipo yule mama akaniuliza, "Mjomba wako yule akikuletea kahawa ambayo haijakauka, utaipokea?"

Ulisema niinamishe macho. Niliyainua, unisamehe. Nikasema, "Nitamwamkia, halafu nitamrudisha akaanike."

"Na akiwa mama yako?"

"Mama nitampigia magoti kwanza. Halafu nitamrudisha."

Hakucheka mtu tena. Majibu mwezi ujao. Jogoo walimkataa, tumemla hapa kwa shangazi, na mjomba ndiye aliyekula paja.

Mwanao,
Avelina

Maguu, 9 Agosti 1995

Karani wetu Avelina,

Tumsifu Yesu Kristu. Hatujambo, na wewe najua hujambo, nilikuona jana. Pale kwenye mzani wa kampuni yenu watu walikuwa wengi, sikuweza kusema nawe, ndiyo maana naandika.

Ulipozunguka meza ukapiga magoti kwenye vumbi, "Shikamoo mama," nikajua tu kinachofuata. Ukauma punje ya kahawa yangu, ukatikisa kichwa. Ukasema taratibu, "Mama, bado. Irudishe kichanjani."

Luisa nyuma yangu akadakia, "Hee, Marselina! Si ndiye binti uliyetutangazia?"

Nikamwambia, "Ndiye. Kama mimi niliyemzaa kanirudisha, wewe na hiyo yako unangoja nini?" Akachomoka na gunia lake, hata kuaga hakuaga!

Nimepanda nalo mlima gunia langu kichwani, kila aliyeniuliza nikamsimulia, na ambaye hakuuliza nikamsimamisha. Sasa kahawa iko juani, naigeuza mwenyewe.

Baba yako anasema nilijua tangu nyumbani kwamba haijakauka. Nilijua. Wale mabwana walikusikia kule mjini. Nilitaka na Maguu ikusikie.

Mama yako uliyemrudisha,
Marselina