Kibanda cha Ufukweni Bila Baba

Tarryn mwanangu,

Nimekwenda kazini. Soseji ziko kwenye friji, mbwa umpe maji. Asubuhi mkiwa bado mmelala, baba yako kapigiwa simu kutoka kambini kwao jeshini: mafuriko mji wa Ingham, aende kuokoa watu sasa hivi. Nikawapigia wale wa vibanda vya likizo vya jeshi, nikawaomba safari yetu ya leo twende bila yeye. “Samahani mama, ufunguo anakabidhiwa mwanajeshi mwenyewe.” Jeshi limenihamisha mji huu na ule kama kabati, leo eti mimi mgeni! Ningefanyaje?

~~Toa nguo kwenye mabegi.~~ Acha mabegi yalivyo.

Halafu tafadhali, usimwamshe mdogo wako Elsie. Amelala na nguo yake ya kuogelea, na sijui nitamwambia nini.

Mama