Papa, Umelala Katikati ya Avenue

Papa,

Kesho asubuhi tutakufukua. Nimeona afadhali uisikie kwangu kabla hujasikia hatua za watu juu yako. Mama hawezi kuandika jambo hili, na Tonton Basile, mdogo wako, anasema marehemu haandikiwi barua, anaombewa misa. Misa tumeomba, ni ya alfajiri. Lakini kuna mambo ambayo siwezi kuyasema kanisani, na wewe unanijua: hata mbele ya mtu mmoja nilikuwa nashindwa kufungua mdomo.

Ulinifundisha kwamba barua ya heshima inaandikwa kwa Kifaransa. Nilijaribu. Niliandika mistari miwili nikaona ni kama naandikia ofisi yako ya kupima viwanja. Ulipokuwa unanigombeza, ulinigombeza kwa Kifaransa. Ulipokuwa umefurahi, ilikuwa Kiswahili. Bon, ninaandika kwa Kiswahili.

Nianze na kosa langu.

Wewe hukuona mwisho wa siku zile. Majeshi mawili ya wageni yalikuwa yanapigana ndani ya mji wetu kama watu wanaogombania nyumba isiyo ya hata mmoja wao. Tulilala chini ya kitanda, sisi watatu na jerikani moja la maji. Siku ya tatu maji yakaisha, ukatoka. Ulisema, "Narudi sasa hivi." Hukufika hata kwenye pipa la maji pale uani.

Makaburini hapakufikika. Watu waliokufa siku zile walizikwa pale walipoangukia: nyuma ya jikoni, kando ya mlango wa shule, popote. Tonton Basile alikuja akitambaa, pamoja na Papa Bolau, yule mvuvi anayekaa chini karibu na mto. Walikuwa na jembe moja. Udongo wa uani kwetu ni mawe mekundu matupu, jembe lilikuwa linalia tu bila kuingia. Mabomu yalikuwa yanapita juu. Tonton akaniuliza, "Mado, weye ndiye ulikuwa unatembeaka na papa yako. Wapi udongo iko laini?"

Nikaonyesha kwa kidole, nyuma ya ua. Nilionyesha nafasi ya avenue.

Papa, nilijua. Nilikuwa na miaka kumi uliponipa kushika ncha ya mnyororo wa kupimia pale kwa mara ya kwanza. Hatua ishirini za upana, kutoka sokoni hadi mto Tshopo, ardhi tupu, iliyoachwa tangu commune, hii sehemu yetu ya mji, ilipochorwa ili siku moja barabara ipite na kando yake mfereji wa kupeleka maji ya mvua. Ulimkataza hata Mama kupanda mihogo ya pondu pale. Alipokuuliza, basi ardhi hii ni ya nani, ulimjibu, "Iko ya batu benye habajafika." Mama akacheka sana. Akasema, "Bakifika, batakuta nyoka."

Na mimi nikakulaza pale, wewe uliyewafukuza wote.

Hilo peke yake Mungu angenisamehe, najua. Vita haichagui pa kuzika. Lakini sikuishia hapo.

Miezi michache baadaye alikuja Mama Kavira. Hukumjua. Ni mfanyabiashara kutoka upande wa Butembo, aliyekuwa akiuza maharagwe kwa jumla katikati ya mji, mpaka depo yake na nyumba yake zikaungua kwa mabomu yale yale yaliyokuchukua. Alikuwa na watoto wanne na mabati sita yaliyokunjamana kwa moto. Alinikuta nafagia kaburi lako. Alisimama akasoma jina kwenye msalaba, akauliza watu wa jirani, akarudi. Akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, huyu papa yako, beko banasema alikuwa mutu wa kupima parcelle, kweli?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Na mulimuzika hapa. Donc hapa iko pa kukaa. Mutu wa kupima hawezi kulala pa kukatazwa. Ama aliwahi kusema nini?"

Ningesema maneno matatu tu. Ni ya barabara. Nilikuwa nayo mdomoni. Lakini niliangalia miguu yake, imevimba, na mtoto mgongoni anakohoa, na aibu yangu ile unayoijua ikanirudia. Nikatazama chini, nikaendelea kufagia.

Kesho yake alileta beseni la maharagwe. Kwetu, unajua, mtu hawezi kuweka nyumba kando ya wafu wa wengine bila kuwapa wenye msiba chakula, na wenye msiba wakila, wamekubali. Mama alidhani ni rambirambi za kuchelewa. Mimi peke yangu nilijua ni nini. Tulikula, Papa. Yalikuwa matamu. Tulikuwa tumeshinda wiki mbili na lituma, ndizi za kuponda, bila mboga.

Baada ya hapo, wewe ulikuwa umekuwa jiwe la mpaka. Watu walihesabu kutoka msalabani kwako: hatua kumi, nyumba ya Mama Kavira. Kumi tena, nyumba ya fundi wa baiskeli. Upande wa chini, wengine. Nyumba saba. Mtu akiuliza, jibu lilikuwa moja, kwa jina la kazi yako ya kupima: "Jeometre mwenyewe analala hapa. Nani atatufukuza?" Na mtu akija kuniuliza mimi, nilikuwa na ndoo ya kuchota au somo la kusoma.

Kisha mvua zikaja.

Maji yote ya sokoni yalikuwa yakishuka kwenye ile nafasi yako tupu, yakaingia mtoni. Sasa yalikuta kuta. Yakageuka, yakaingia kwa watu wa chini, pamoja na ya vyoo. Kwa Papa Bolau yalifika magodoroni. Mjukuu wake Dieudonné, yule mdogo aliyekuwa akikuita Papa Munyororo na kukimbia nyuma yako akivuta kamba yake ya kuigiza, alianza kuhara siku ya Jumatano. Ijumaa alikuwa amekwisha. Serum, yale maji ya kutundikia, ilikosekana katika kituo chote cha afya.

Nilikwenda kwenye kilio. Papa Bolau, aliyekuchimbia kwa mikono yake, alinipa kiti. Sikuweza kukikalia.

Ndipo bourgmestre, mkuu wa commune, akaita watu wote wa mtaa katika salle, ukumbi wa parokia, baada ya misa ya pili, ili wazungumze habari ya avenue. Papa, hujawahi kuona salle ile imejaa hivyo. Watu walikaa hata madirishani. Bourgmestre alianza kwa Kifaransa, maneno ya mpango wa mji, upanuzi, miaka ijayo. Mama mmoja wa samaki akapiga kelele kutoka nyuma, "Chef, shuka kidogo! Ongea Swahili tusikie mwenye unatufukuza!" Watu wakacheka, yeye pia akacheka, akashuka.

Fundi wa baiskeli akasimama. "Vita haijaisha, munatuletea barabara? Barabara ya magari gani? Mimi hapa naona toleka tu!" Toleka ni zile baiskeli za kubeba watu, Papa, zilianza baada yako; siku hizi mafuta hayapatikani na mji wote unatembea kwa miguu ya vijana.

"Na toleka inapita ndani ya maji?" akajibu mwingine. "Wiki iliyopita ulimuangusha shangazi yangu na sukari yake!"

"Shangazi yako ni mzito!"

Kicheko. Halafu Papa Bolau alisimama na kicheko kikafa. Hakupaza sauti. Alisema, "Mimi sina neno ya barabara. Mimi nauliza maji ipite wapi. Nimezika mutoto." Akakaa.

Mama Kavira alisimama upande wa pili. Na yeye hakupaza sauti. "Papa, pole. Mimi pia ni mama. Lakini sikuiba. Niliuliza wenye kaburi. Nilileta chakula, walikula. Jeometre iko pale, kaburi yake iko shahidi. Kama ni uongo, wenyewe baseme."

Salle yote ikageuka. Mama yangu hakuelewa. Alinitazama, kisha nikaona uso wake unaanza kuelewa, na sijui kama kuna kitu kilichonichoma zaidi ya hicho. Nilisimama kwa sababu kukaa kulikuwa kumekuwa kugumu zaidi.

Sauti yangu ilikuwa ya mbu. "Ongeza!" wakasema. Nikaongeza. Nilisema ni mimi niliyeonyesha pa kukuzika, kwa sababu udongo ulikuwa laini. Nilisema Mama Kavira aliniuliza kweli, nami nikanyamaza, na Mama alikula maharagwe bila kujua. Nilisema papa yangu hakuwahi kumpa mtu nafasi ile, hata mke wake. Nikawaambia na neno lako, kwamba ni ya watu ambao hawajafika.

Hapo Mama Kavira akapiga makofi mara moja. "Basi ni sisi! Tumefika!"

Salle ililipuka. Watu walipiga meza, wengine wakapiga kigelegele, hata bourgmestre aliinama kuficha meno. Nami, Papa, kwa muda kidogo nilifikiri kwamba amekushinda. Labda ni kweli walikuwa wao. Wewe hukujua kwamba watafika hivyo, na moto nyuma yao.

Nilingoja kelele zipungue. Sijui nani alinipa subira hiyo. Nikasema, "Mama, nyuma yenu beko bengine wanakuja. Na maji inakuja. Bote watapita wapi?"

Hakuna aliyepiga makofi. Kisha Mama Kavira akasema jambo ambalo sikulitegemea, "Sawa. Lakini siwezi kuvunja nyumba na huyu jeometre amelala pale kama mwenye mji. Kaburi itoke kwanza. Ikitoka, nitavunja."

Na wote wakasema hivyo hivyo: kaburi kwanza. Bourgmestre aliahidi viwanja saba upande wa njia ya Bangboka, kabla ya kiangazi, vyenye hati. Mimi ahadi za mezani nazijua, wewe ulinifundisha kuziogopa. Mama aliulizwa kama anakubali utolewe. Alikunja pagne yake ya kitenge mapajani, akaikunjua, akaikunja tena. Akaitikia kwa kichwa, kama mimi.

Siku tatu hakusema nami. Ya nne aliniwekea chakula akasema, "Ungeniambia, Mado. Ningerudisha beseni." Basi. Tukala.

Mama Kavira naye hajibu salamu yangu. Leo nilimkuta kwenye bomba. Nilisema "Mbote, Mama." Alijaza ndoo zake zote mbili, akajitwika moja, ndipo akasema bila kunitazama, "Nyumba ya kwanza niliacha Butembo kwa sababu ya vita. Ya pili, vita. Hii ya tatu ni kwa sababu yako." Akaenda. Sikumfuata, na safari hii haikuwa kwa aibu. Ni kwamba amesema kweli.

Wapo wanaonisifu sokoni. Mwalimu wa Kifaransa amesema nimekuwa raia. Sijisikii raia. Najisikia mtu aliyemwua mtoto kwa kunyamaza, anayewavunjia watu nyumba saba kwa kusema, na kesho anamfukua baba yake. Kama ningesema siku ya kwanza, nikiwa na ufagio mkononi, labda Mama Kavira angetafuta mahali pengine, na Dieudonné angekuwa anavuta kamba yake mpaka leo. Siwezi kuliambia jambo hili kwa mtu yeyote aliye hai. Papa Bolau nadhani analijua. Bado ananipa kiti.

Sasa nikuambie kesho itakuwaje, ili usishtuke. Tonton Basile amenunua sanduku la mbao, dogo, maana anasema hutakuwa mkubwa tena. Mama amefua shati lako la kazi, lile la mifuko minne, atakufunika nalo. Papa Bolau atachimba tena, ameomba mwenyewe. Tutakupeleka makaburini kwa toleka mbili zilizofungwa ubao katikati. Utakuwa na jirani upande wa kulia, bibi mmoja wa zamani. Nimepapima. Pako sawa.

Nami nakuahidi hivi. Jumamosi nitakwenda njia ya Bangboka na mnyororo wako kumpimia Mama Kavira kiwanja chake, pamoja na wale sita. Akinifukuza, nitarudi Jumamosi inayofuata. Wakitaka kumpunguzia hata hatua moja, nitasema palepale, kwa sauti, kwa Kifaransa kama ni lazima. Na hati zao nitazisoma mstari kwa mstari mbele yao kabla hawajatia kidole.

Kwaheri ya mahali hapa, Papa. Tutaanza kuchimba taratibu, upande wa miguu. Usiogope majembe. Ni sisi.

Mwana wako,
Mado